Dhamana ya gari huishia Japani, gharama hushukia Mombasa

MMILIKI wa gari kisiwani Mombasa anapogundua kwamba giaboksi imeanza kusitasita, au kwamba injini inachemka katika foleni ya feri ya Likoni, swali la kwanza analoulizwa na fundi halihusu dhamana. Huulizwa iwapo atanunua kipuri kipya au kile kilichong’olewa katika gari jingine huko Japani. Neno dhamana, au waranti kama lijulikanavyo madukani, huenda lisitajwe kabisa katika mazungumzo hayo.

Katika nchi nyingi zinazounda magari, lalamiko la madereva limekuwa lile lile kwa miaka mingi: kwamba gari huharibika wiki chache tu baada ya dhamana ya mtengenezaji kukatika, kana kwamba kiwandani kumetegwa saa. Mombasa lalamiko hilo lina sura nyingine. Hapa dhamana huwa imekatika kabla mnunuzi hajaliona gari lenyewe, na matengenezo ambayo mmiliki wa kwanza aliyakwepa humngoja mmiliki wa pili upande huu wa bahari.

Hesabu yake ni nyepesi. Watengenezaji wakuu wa Japani hutoa dhamana ya jumla ya miaka mitatu au kilomita 60,000, na dhamana ndefu kidogo ya miaka mitano au kilomita 100,000 kwa sehemu muhimu kama injini na giaboksi, lolote litakalotangulia. Kenya nayo, kupitia kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000 kinachosimamiwa na Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS), huruhusu gari kuukuu liingizwe iwapo halijazidi miaka minane tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025, mpaka huo uliangukia magari yaliyosajiliwa kuanzia Januari 2018.

Gari lililosajiliwa Nagoya mwezi huo wa Januari 2018 lilipoteza dhamana yake ya jumla Januari 2021. Dhamana ya injini ikafuata Januari 2023. Likishushwa Kilindini katikati ya mwaka 2025, lilikuwa limekaa zaidi ya miaka miwili bila mtengenezaji kuwajibika kwa chochote. Na hata kama lingesafirishwa mapema, likiwa na umri wa miaka miwili tu, dhamana hiyo ni ya soko la Japani. Haivuki bahari pamoja na gari.

Si sadfa kwamba magari yanafika yakiwa na umri huo. Japani ina utaratibu mkali wa ukaguzi uitwao shaken, ambao hulitaka gari jipya likaguliwe likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo pamoja na kodi na bima zinazoambatana nao si wa bei ya mchezo, na fundi anayelikagua gari hueleza waziwazi ni sehemu zipi zimechakaa. Kwa hiyo familia ya huko hulitazama gari lake katika mwaka wa tano au wa saba na kujiuliza kama inafaa kulipia shaken nyingine na vipuri juu yake, au kuliuza mnadani na kuchukua jipya. Wengi huuza. Mnada huwa ndio mlango wa meli.

Kwa upande wa Kenya, ushuru nao husukuma katika mwelekeo uo huo. Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) hupunguza thamani ya gari kwa asilimia inayoongezeka kadiri umri wake unavyozidi, kisha hutoza kodi juu ya thamani iliyobaki. Mwagizaji mwenye bajeti finyu, na hao ndio wengi, huvutiwa na gari lililokaribia kabisa mpaka wa miaka minane. Sheria iliyokusudiwa kuzuia vyuma chakavu imeishia kupanga foleni ya magari ambayo yote yamo katika umri mmoja, umri ule ambao matengenezo makubwa huanza.

Umri huo unahitaji kuelezwa, kwani dhana kwamba kiwanda hutega saa ni kuwaonea wahandisi. Mtengenezaji huweka kikomo cha dhamana kwa kujua, kutokana na majaribio na rekodi za madai, ni wakati gani sehemu nyingi huanza kuchoka. Anaahidi kugharamia kipindi ambacho uwezekano wa hitilafu ni mdogo, na kumwachia mmiliki kipindi kinachofuata. Ndipo kilomita 100,000 zinapokuwa mpaka wenye maana. Karibu na hapo ndipo mshipi wa ndani wa injini, kwa magari yanayoutumia badala ya mnyororo, hupaswa kubadilishwa. Pampu ya maji huanza kuvuja. Bushi na shokabsoba hulegea. Mafuta ya giaboksi za kisasa zisizo na hatua za gia, ambazo zimejaa katika magari madogo ya Kijapani, huwa yamepoteza nguvu iwapo hayajawahi kubadilishwa.

Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni kasoro ya kiwandani. Ni uchakavu wa kawaida. Tatizo ni kwamba mnunuzi wa Mombasa analipa bei ya gari “safi”, kama lugha ya yadi inavyosema, bila kukata katika bei hiyo gharama ya kazi ambayo hajaambiwa kwamba imefika wakati wake. Na kipimo cha kilomita kwenye dashibodi si shahidi wa kuaminika kila mara. Kurudisha nyuma kilomita ni udanganyifu unaojulikana katika biashara hii duniani kote, na mnunuzi anayeonyeshwa kilomita 68,000 hana sababu ya kushuku kwamba mshipi wa injini umebakiza siku za kuhesabika.

Kisha kuna Mombasa yenyewe. Joto na unyevu wa pwani havina huruma kwa mpira, plastiki na nyaya. Hewa ya chumvi hula chuma, na gari lililotoka sehemu za kaskazini mwa Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji huwa limekwisha kuanza kuoza kwa chini kabla ya kuonja upepo wa Kilindini. Kisiwa ni kidogo, foleni zake ni ndefu. Gari linalosimama nusu saa likinguruma Likoni, huku kipoza hewa kikifanya kazi, huhesabiwa kilomita sifuri, ilhali injini imetumika sawasawa na kama ingekuwa njiani kuelekea Malindi.

Ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kupakiwa melini haukubuniwa kujibu maswali hayo. Wakaguzi waliopewa kandarasi na KEBS hutazama kama gari linafaa kutembea barabarani: breki, taa, magurudumu, usukani, moshi, na umri. Tangu mkasa wa kinu cha nyuklia cha Fukushima mwaka 2011, hupimwa pia mnururisho. Cheti kinachotolewa ni cha siku ile ya ukaguzi. Wauzaji wengine hukionyesha kwa mnunuzi kana kwamba ni ahadi ya uzima wa injini, jambo ambalo cheti chenyewe hakisemi popote.

Mambo ni tofauti kidogo katika Mji wa Kale, ambako magari makubwa hayana nafasi. Vichochoro vya kutoka Ndia Kuu kuelekea Kibokoni vilijengwa kwa ajili ya watu, punda na mikokoteni, na chombo kilichovimiliki miaka hii ni tuktuk. Tuktuk nyingi zilinunuliwa zikiwa mpya, hivyo dhamana ipo kwenye karatasi. Lakini maneno “lolote litakalotangulia” yana uzito wa pekee kwa chombo cha kazi. Mtu binafsi humaliza miezi ya dhamana kabla ya kilomita. Dereva wa tuktuk anayeanza kabla ya adhuhuri ya kwanza ya shule na kufunga kazi usiku, akipokezana na mwenzake, humaliza kilomita muda mrefu kabla ya miezi. Mkopo uliotumika kununua chombo hicho mara nyingi huwa bado una malipo mengi yaliyosalia. Kuanzia siku hiyo mwenye tuktuk hubeba mizigo miwili kwa pamoja, hesabu ya benki na hesabu ya fundi, na pesa ya siku ni ile ile.

Aidha, dhamana ya chombo kipya, kiwe tuktuk au gari la kifahari, huja na sharti la kufanyiwa huduma katika karakana zilizoidhinishwa. Mwenye kupeleka kwa fundi wa mtaani ili kuokoa pesa huweza kujikuta amejiondoa mwenyewe katika dhamana. Nchi nyingine zimelitazama sharti hilo kwa jicho la ushindani. Marekani ilipitisha sheria ya dhamana ya Magnuson-Moss mwaka 1975, ambayo humzuia mtengenezaji kufungamanisha dhamana na kipuri au huduma ya jina fulani isipokuwa aitoe bure. Umoja wa Ulaya ulifungua mlango kwa gereji huru mwaka 2002. Afrika Kusini, iliyo karibu zaidi na hali ya Kenya, ilianza kutumia miongozo ya tume yake ya ushindani Julai 1, 2021, na sasa mwenye gari huko anaweza kulipeleka kwa fundi huru bila dhamana yake kufutwa yote. Mamlaka ya Ushindani Nchini (CAK), iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 na kupewa pia jukumu la maslahi ya wateja, haiko mbali na uwezo wa kufanya vivyo hivyo.

Je, mnunuzi wa gari la mtumba hana kinga yoyote? Hapa ndipo jambo linalostaajabisha lilipo. Kinga anayo, tena nzito, ila imelala.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mteja haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, habari za kumwezesha kunufaika nazo, na fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 ilitoa meno kwa haki hiyo. Inasema kwamba muuzaji huchukuliwa kuwa ametoa dhamana ya ubora unaofaa kuuzika, hata kama hakutamka wala kuandika lolote. Muhimu zaidi, inabatilisha sharti lolote linalojaribu kuiondoa dhamana hiyo. Kwa maneno mengine, yale maandishi yanayopatikana chini ya mikataba ya yadi nyingi, kwamba gari limeuzwa kama lilivyo na likishatoka getini muuzaji hahusiki, hayana nguvu ambayo wauzaji wanayadhania. Mteja hutia sahihi, huogopa, na giaboksi ikifa wiki ya tatu humlaumu mwenye jicho baya.

Kuna mpaka wa haki. Hakuna hakimu atakayeamuru yadi ilipie shokabsoba za gari la miaka minane zilizochakaa baada ya mwaka mzima wa barabara za Mombasa. Ubora unaofaa hupimwa kwa umri na bei. Lakini gari lililouzwa kama lenye kilomita 68,000 nalo limetembea mara mbili ya hizo, au injini iliyojazwa mafuta mazito ili kuficha mlio hadi siku ya mauzo, si suala la uchakavu. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na sheria inalijua gunia hilo.

Sehemu ya sheria hiyo ambayo pengine ndiyo isiyojulikana kabisa ni ile inayohusu gereji. Fundi anapaswa kutoa makadirio ya gharama, na hawezi kudai zaidi ya asilimia kumi juu ya makadirio aliyoyatoa. Mteja ana haki ya kurudishiwa kipuri kilichotolewa. Na kila ukarabati wa gari huchukuliwa kuwa na dhamana kwa vipuri vipya au vilivyofanyiwa ukarabati pamoja na ufundi, kwa muda usiopungua siku 90 au kilomita 5,000. Kwa hiyo gari lisilo na dhamana ya mtengenezaji linaweza kupata dhamana ndogo mpya kila linapotoka gereji.

Mtu akitembea kutoka Shimanzi hadi Majengo akiwauliza mafundi kuhusu siku 90, huenda akachekwa, na si kwa ubaya. Fundi wa jua kali naye ananunua kipuri pasipo risiti, kutoka kwa muuzaji ambaye hajui kiliishi miaka mingapi katika gari la kwanza. Anawezaje kukidhamini? Mnyororo wote umejengwa juu ya uaminifu wa ana kwa ana: fundi anayejulikana na familia, anayeitwa kwa jina, anayerudia kazi bila malipo kwa sababu watakutana tena msikitini au arusini. Dhamana hiyo isiyoandikwa imewasaidia watu wa kisiwa hiki kwa vizazi kadhaa na haifai kudharauliwa. Hata hivyo, haimsaidii mgeni aliyehamia Tudor mwezi uliopita, wala haiwezi kufika yadi ambayo mwenyewe haonekani.

Kwa mwenye risiti na mkataba, njia ya kisheria imekuwa fupi kuliko zamani. Mahakama za Madai Madogo, zilizoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021 na kisha kufikishwa Mombasa, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, mlalamishi anaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Bei ya kubadilisha injini au giaboksi ya gari dogo huangukia chini kabisa ya kiwango hicho. Aliyeagiza gari mwenyewe kupitia mtandao kutoka kwa muuzaji wa Yokohama yuko katika hali ngumu zaidi, kwani aliyemuuzia hana duka Mombasa, na wakala wa forodha aliyelitoa bandarini hakuuza kitu.

Yapo pia matengenezo ambayo hayafungwi na dhamana hata kidogo, na kuyachanganya na mengine ni hatari. Mtengenezaji anapogundua kasoro ya usalama huyaita magari yote yenye kasoro hiyo ili yarekebishwe bure, hata kama dhamana ilikwisha miaka kumi iliyopita. Mfano mkubwa kuliko yote ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo ilijazwa kemikali inayodhoofika kwa joto na unyevu hadi mfuko unapofyatuka hurusha vipande vya chuma kwa aliyeketi mbele yake. Kampuni hiyo iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2017. Nchini Marekani, majimbo yenye joto na unyevu kama Florida ndiyo yaliyopewa kipaumbele katika marekebisho. Hali ya hewa ya Mombasa ni ya jamii hiyo hiyo.

Lakini barua ya mwito hutumwa kwa mmiliki anayejulikana na mtengenezaji. Kwa gari lililokwisha kusafirishwa, mmiliki huyo ni mtu wa Osaka aliyeliuza zamani. Watengenezaji wa Japani wana kurasa kwenye intaneti ambako nambari ya chesisi ikiingizwa hujulikana iwapo kuna mwito ambao haukutekelezwa. Nambari hiyo imeandikwa katika kitabu cha usajili cha kila gari nchini. Kuifanya KEBS au Mamlaka ya Usalama Barabarani (NTSA) iidai taarifa hiyo kabla gari halijasajiliwa kungegharimu dakika chache kwa kila gari, na kungeokoa zaidi ya ngozi ya dashibodi.

Serikali kwa upande wake imependelea kujadili umri. Mapendekezo ya kushusha mpaka wa miaka minane hadi mitano, kisha mitatu, yalizua mzozo mwaka 2019 na wafanyabiashara wa magari, ambao wengi riziki yao iko Mombasa, waliyapinga. Walikuwa na hoja kuhusu bei, kwani gari la miaka mitatu haliwezi kununuliwa na mwalimu. Viwanda vya kuunganisha magari, kikiwemo kile cha AVA kilichoko Miritini tangu miaka ya 1970, vina hoja yao kuhusu ajira. Kinachosahaulika na pande zote ni kwamba gari la miaka mitano nalo hufika dhamana ya injini ikiwa imekatika, na la miaka mitatu hushuka melini siku zile zile dhamana ya jumla inapokwisha. Kupunguza umri kunapunguza uchakavu. Hakumweki mtu yeyote nchini Kenya katika nafasi ya kuwajibika.

Hatua iliyo karibu zaidi ni ile ambayo Afrika Kusini iliichukua katika sheria yake ya wateja ya mwaka 2008: miezi sita ambayo ndani yake mnunuzi, hata wa gari kuukuu kutoka kwa mfanyabiashara, anaweza kudai litengenezwe, abadilishiwe au arudishiwe pesa likiwa na kasoro. Kenya tayari ina kanuni ya ubora unaofaa. Inachokosa ni kipindi kilichotajwa kwa siku, ambacho mteja anaweza kukitamka mbele ya muuzaji bila kuwa na wakili, pamoja na karatasi ya mnada wa Japani kukabidhiwa mnunuzi kwa lazima ili kilomita na alama za gari zijulikane. Bei za yadi zingepanda kidogo. Gharama hiyo hulipwa hata sasa, ila hulipwa gereji, na mtu mmoja peke yake.

Jambo hili litazidi kuwa zito kadiri magari ya betri yanavyoongezeka bandarini. Betri kuu ya gari la mseto au la umeme ndiyo sehemu ya bei kubwa kuliko zote, na joto ni adui yake. Nissan Leaf, ambayo betri ya matoleo yake ya awali haina mfumo wa kupozwa kwa maji, hupewa Japani dhamana ya betri ya miaka minane au kilomita 160,000. Gari kama hilo likishushwa Kilindini likiwa na miaka saba, dhamana ya betri yake huwa bado ina mwaka mmoja mzima, katika karatasi zilizobaki Japani.